Wembe wa kukunja: jiwe la kwanza la kunolea liwe lipi?

Safari hii nimekusanya maswali ya wembe wa kukunja, ule wa chuma unaolala ndani ya mpini wake, maana yamekuja mengi na karibu yote yanaishia palepale, ninunue jiwe gani la kwanza. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Habari za kazi kaka. Niko Tanga. Binamu yangu yuko Ujerumani alinitumia wembe mpya wa Solingen, mji wa huko unaosifika kwa nyembe, upana wa 5/8 ya inchi, ulikuja mkali kabisa na mkanda wa ngozi wa kuupitishia makali ninao, nikawa nanyoa vizuri tu. Sasa imepita miezi kadhaa naona unavuta ndevu, shavuni afadhali ila kidevuni ndo shida. Nikauliza watu, mmoja ananiambia anza na jiwe namba 1000, mwingine anasema lazima uwe na seti ya mawe manne, mwingine anasema usiguse jiwe kabisa utauharibu. Hela ninayo ya jiwe moja. Nifanyeje?

Kaka, jiwe moja linakutosha, na sio hilo la 1000.

Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndo watu wengi wanapotezwa. Watu wanauliza jiwe kabla hawajaangalia makali, wakati hali ya makali ndo inayokwambia jiwe gani ununue. Wembe wako ulikuja mkali, umekunyoa miezi, haujaanguka, hauna pengo, hauna kutu. Maana yake ile miteremko miwili midogo inayokutana kutengeneza makali bado iko sawasawa kama alivyoiacha fundi wa kwanza, kilichochoka ni ukingo wenyewe tu, sehemu ndogo ambayo hata jicho haliioni. Jiwe la 1000 kazi yake ni kujenga miteremko upya, linakula chuma haswa na linaacha mikwaruzo ambayo itabidi uifute kwa jiwe la 4000 au 5000, alafu 8000, alafu la kumalizia. Kwahiyo ukianza na 1000 umejilazimisha kununua mawe mengine matatu ili urudi palepale ulipokuwa, na chuma umekipunguza bure.

Namba zenyewe zinaenda hivi, ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Kwa kipimo cha Kijapani, ambacho ndo kinatumika kwenye mawe mengi ya maji, yaani yale unayonolea kwa kuyalowesha maji, jiwe la 1000 lina chembe za maikroni 11.5 hivi, la 4000 maikroni 3, la 8000 maikroni 1.2, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Usichanganye na namba za msasa wa hadwea, ule ulioandikwa herufi P kwa nyuma, maana msasa wa P2000 una chembe za maikroni 10 hivi, yaani unakaribiana na jiwe la Kijapani la 1000 wala sio la 2000. Mtu asiyelijua hili anaweza kudhani amefika kwenye kung'arisha kumbe bado yuko kwenye kukwangua.

Wewe tafuta jiwe la kumalizia la kiwandani, 12000 au jirani na hapo. Naniwa Super Stone 12000 ndo wengi wanaanzia na nalipendekeza bila wasiwasi, ni jiwe la maji, halihitaji kulowekwa, unalinyunyizia tu na kuanza kazi, na lina upana wa sentimita 7 kwahiyo karibu wembe wote unakaa juu yake kwa mpigo mmoja. Shapton nao wana la 12000, lenyewe ni gumu zaidi na linachelewa kubonyea katikati. Lolote utakalolipata kirahisi kati ya hayo chukua.

Ila kabla hujatuma hela angalia mkanda wako. Je unaupitisha wembe kila kabla ya kunyoa, mara 40 mpaka 60 kwenda na kurudi, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata nyuma, mkanda umevutwa ukakaza usilegee? Mkanda ukilegea unajikunja mbele ya makali na kuyaviringisha, na hapo unakuwa unaupeleka wembe mkandani kila asubuhi na kila asubuhi unazidi kuwa butu. Rekebisha hilo kwanza, nyoa mara mbili tatu uone. Kama bado unavuta basi ni jiwe.

Jiwe likifika usiogope. Uzuri wa wembe huu ni kwamba aliyeutengeneza keshakupimia nyuzi, yaani pembe ya kunolea. Unaulaza bapa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndo unaoamua, kwa nyembe nyingi inakuja nyuzi kama 15 hadi 20 ukijumlisha pande zote mbili. Kisu cha jikoni unakisia mwenyewe kwa mkono, hapa hukisii kitu, kazi yako ni kutouinua mgongo basi. Kwenye jiwe makali ndo yanatangulia, kinyume cha mkanda, na ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, usije ukaugeuza juu ya makali. Usikandamize. Uzito wa wembe wenyewe na kidole kimoja cha kuuongoza vinatosha. Angalia maji yaliyoko mbele ya makali, yakipanda juu ya wembe kwa urefu wote ujue makali yote yanagusa, yakipanda sehemu moja tu ujue kuna mahali panaachwa. Piga kama 20 hivi za kwenda na kurudi, osha, kausha, mkanda, kanyoe. Na majibu yako kwenye kunyoa, sio kwenye kukata nywele za mkononi, kwasababu wembe unaweza kukata nywele za mkono vizuri sana na bado ukawaka moto shingoni.

Shikamoo fundi. Mi ni kinyozi Morogoro, natumia kile kishikio cha chuma kinachowekwa wembe nusu. Nataka nianze kununua jiwe ili niwe nanoa mwenyewe nipunguze gharama. Nianze na lipi?

Marahaba. Usinunue jiwe lolote kijana wangu. Hicho kishikio kinafanana na wembe wa kukunja kwa umbo tu, ule wembe mwembamba unaouvunja katikati haujatengenezwa kunolewa, hauna mgongo wa kuushikilia nyuzi na ni wa kutupwa. Na kwako hilo ndo sahihi kabisa kwasababu wateja ni wengi, kila mteja anastahili wembe mpya unaofunguliwa mbele ya macho yake, kuna virusi vya Ukimwi na kuna homa ya ini aina ya B inayopita kwenye damu kidogo sana. Wembe wa kukunja wa kunolewa ni wa mtu mmoja na ngozi yake. Hela ya jiwe kaongeze boksi za nyembe na dawa ya kusafishia kishikio.

Habari yako kaka, nipo Köln, Ujerumani. Jumamosi nilizunguka soko la vitu vya zamani nikapata wembe wa kukunja bei rahisi, kwenye shina umeandikwa Solingen, una kutu kidogo mgongoni na makali yana mapengo mawili madogo. Nimeona Norton wana jiwe la pande mbili, 4000 na 8000. Nikinunua hilo peke yake nitamaliza kazi yote?

Nzuri kaka. Wembe wako umeuokota karibu na kwao, Solingen ni mwendo mfupi tu wa treni toka hapo ulipo, na jina hilo linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, halibandikwi tu kwenye kila chuma. Kwahiyo una malighafi nzuri. Lakini hilo jiwe peke yake halitamaliza kazi.

Anza kwa kuukagua, na ufanye hivyo kabla ya kununua hata jiwe moja. Kutu ya mgongoni haina neno, inafutika. Kutu ninayoiogopa ni ile iliyofika kwenye makali, ukipata lenzi ya fundi saa angalia pale ukingoni kama kuna vishimo vyeusi, maana kila kishimo ni pengo linalosubiri, unanoa unafika pale chuma kinamegeka, unaanza upya unakutana na kishimo kingine. Alafu ulaze bapa juu ya kioo. Ukicheza cheza kona kwa kona ujue umepinda, na wembe uliopinda sio wa kujifunzia. Angalia na mgongo, kama upande mmoja umeliwa na kuwa mpana kuliko mwingine ujue kuna mtu aliunoa kwa kukandamiza miaka mingi. Na ukiona ufa, hata uwe mdogo kama unywele, huo wembe usipite shingoni kwako kamwe, uweke kabatini uwe pambo.

Ukishapita huo mtihani, sasa tuje kwenye jiwe. Una mapengo, kwahiyo makali hayapo, yanatakiwa yajengwe, na hiyo ni kazi ya 1000. Ukilazimisha kwa 4000 utasugua mpaka mkono ufe ganzi na pengo bado linakuangalia. Kuna watu wanakimbilia jiwe la juu kwasababu ndo linalong'arisha, na kweli linang'arisha, mteremko unameta kama kioo lakini pande mbili hazijakutana pale mwishoni, ni kama kupiga lipu kabla ya kupandisha ukuta. Hakuna jiwe la juu litakalookoa kazi ambayo 1000 haijaimaliza, hili naomba ulishike kuliko yote niliyoandika leo.

Naniwa, Shapton, King, wote wana 1000 nzuri. Chukua tepu nyeusi ya mafundi umeme bandika tabaka moja mgongoni ili usiuchakaze wakati unaondoa mapengo, paka maka peni kwenye mteremko wote, pitisha kidogo kwenye jiwe, angalia. Palipobaki wino ndo jiwe halijagusa. Endelea mpaka mapengo yaishe na wino ufutike mpaka ukingoni kabisa kote, alafu jaribu nywele za mkono, kuanzia kisiginoni mwa wembe, upande wa mpini, mpaka ncha, kila sentimita inyoe. Hapa majaribio ya mkono yana maana maana tunaangalia kama makali yamekutana. Kama kuna sentimita moja haikati, usipande namba.

Baada ya hapo ndo hiyo Norton ya pande mbili inakuja, na ni jiwe zuri limenolea nyembe nyingi sana, ila ujue Norton hawafuati kipimo cha Kijapani, 4000 yao ni maikroni 6 na 8000 yao ni maikroni 3. Kwahiyo 8000 ya Norton iko karibu na 4000 ya Kijapani kwa ukubwa wa chembe. Utanyoa nayo, ndiyo, wengi wananyoa, lakini ngozi ikiwa laini utatamani kitu cha juu yake.

Kama unataka kujifunza na unaona utaendelea kuokota nyembe za zamani, nunua 1000 kwanza na hiyo Norton baadaye. Kama unachotaka ni kunyoa tu, upeleke Solingen, bado kuna warsha zinazofanya kazi hii, wakujengee makali, alafu wewe nunua jiwe la kumalizia tu kama nilivyomjibu ndugu wa Tanga.

Mkuu, nipo Dodoma. Nina jiwe la King 1000/6000 nanolea visu vya jikoni miaka sasa. Je naweza kulitumia hilohilo kwenye wembe, au ni lazima nianze upya?

Jiwe lenyewe linafaa. Tatizo ni hali lilimo, na kwa jiwe la visu nina hakika limebonyea katikati hata kama huoni.

Fanya hivi. Chora mistari ya penseli ikatane juu ya jiwe lote. Chukua kioo kinene, au kigae cha sakafu kilichonyooka kabisa, weka msasa wa maji wa P220 mpaka P400, mwagia maji, sugua jiwe juu yake kwa kuzungusha. Utaona penseli inafutika pembeni haraka na katikati inabaki, hapo ndo utaamini. Chora tena, sugua tena, mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Kisu kinavumilia jiwe lenye tumbo kwasababu mkono unakifuata. Wembe haufuati, unalala bapa mgongo na makali, kwahiyo bonde lolote la jiwe linahamia kwenye makali na utakuta katikati ya wembe hapakati au ncha inaliwa kuliko kisigino. Na ukimaliza kusawazisha lioshe jiwe sana, chembe za msasa zikibaki juu ya upande wa 6000 zinakwaruza kila kitu.

Hapo kwenu upepo na vumbi vipo, kwahiyo nolea ndani, dirisha lifungwe, mikono ioshwe, maji yawe masafi. Upande wa 1000 unaweza kubaki wa visu na wembe mradi unausawazisha kila kabla ya wembe. Upande wa 6000 ningekushauri uufanye wa wembe peke yake.

Je 6000 inatosha kunyolea? Kwa Kijapani ni maikroni 2 hivi, kwahiyo ni ndogo kuliko hiyo 8000 ya Norton niliyoisema hapo juu. Ukijenga makali vizuri kwa 1000, ukakaa 6000 muda wa kutosha, ukamalizia na mkanda, utanyoa. Sio kunyoa kwa raha sana, shingo itakukumbusha, lakini utanyoa na utajua mkono wako umefika wapi kabla ya kununua la 12000. Mi napenda njia hii kwa mtu ambaye jiwe analo tayari.

Assalaam aleikum kaka yangu. Niko Mombasa. Mume wangu anasumbuliwa na vipele vya ndevu chini ya kidevu, nimesikia wembe wa kukunja unasaidia, nataka nimnunulie na jiwe lake kama zawadi. Jiwe gani zuri?

Wa aleikum salaam dada. Zawadi nzuri, ila jiwe liache kwa sasa, hela yake iweke kwenye mkanda mzuri wa ngozi na kwenye wembe ambao umeshanolewa tayari na mtu anayejua, uulize kabisa kabla ya kulipa, umenolewa wa kunyolea au umetoka tu kiwandani, maana nyembe nyingi za bei ya chini zinauzwa zikiwa hazijafika makali ya kunyolea.

Kuhusu vipele, nywele zetu zimejikunja, ukizikata zikaishia ndani ya ngozi zinaota zikirudi ndani na hapo ngozi inavimba. Zile mashine za nyembe tatu nne kwa pamoja ndo zinazidisha, wembe wa kwanza unauvuta unywele na wa nyuma unaukata, unajificha chini ya ngozi. Wembe mmoja mkali unaokata usawa wa ngozi unapunguza hilo. Lakini ukiwa butu unarudi kuvuta na faida yote imepotea, ndo maana makali kwa mumeo ni jambo la ngozi kabisa. Anyoe kufuata nywele zinakoelekea, asirudi kinyume, asiivute ngozi sana, asitafute ulaini wa mtoto mchanga. Na kama vipele vina usaha au vinaacha makovu yanayoinuka aache ndevu ziote amuone daktari wa ngozi kwanza, wembe wowote usimguse.

Kwa vile mpo pwani, hewa ya chumvi inakula chuma cha wembe haraka. Akishanyoa aukaushe mpaka kwenye maungio ya mpini, apake tone la mafuta ya cherehani, na asiuache bafuni. Jiwe mnunulie baadaye akianza kulalamika unavuta, na liwe la kumalizia.

Salaam. Mimi niko Muscat, asili yetu Unguja. Rafiki yangu ananiuzia jiwe la asili la Ubelgiji, la njano, anasema hilo moja linafanya kazi zote toka mwanzo mpaka mwisho na ya kiwandani hayafiki. Ni dogo, upana sentimita 4. Ndo naanza. Nichukue?

Hilo ni coticule, linachimbwa karibu na Vielsalm kwenye vilima vya Ardennes, na rafiki yako hajakudanganya, ni jiwe zuri mno, vinyozi wa Ulaya wamelitumia vizazi kwa vizazi. Kinachokata ndani yake ni ganeti, familia ileile ya vito vinavyochimbwa bonde la Umba kule Tanga, na ya tsavorite, ganeti ya kijani iliyogunduliwa Tanzania mwaka 1967 na baadaye Taita-Taveta, ila hizi za Ubelgiji ni chembe ndogo za maikroni chache zilizotapakaa kwenye mwamba laini. Tabaka la njano ni jembamba kwahiyo wanaligundisha juu ya jiwe jeusi lisivunjike. Unalisugua na kijiwe kidogo cha aina hiyohiyo mpaka litoe tope kama maziwa, tope hilo linakata haraka, alafu unaongeza maji kidogo kidogo mpaka yabaki maji matupu na hapo linamalizia kwa ulaini ambao ngozi inaupenda. Kwahiyo ndiyo, linaweza kufanya kazi zote.

Lakini kwa jiwe la kwanza nasema subiri. Jiwe la asili halina namba, kila kipande kina tabia yake, hili linakata haraka lile linachelewa, na hilo tope unalijua kwa mkono tu. Ukiwa unaanza na wembe haunyoi vizuri utashindwa kujua kosa liko kwa jiwe au kwa mkono, ukiwa na la kiwandani la 12000 jiwe unalijua, kwahiyo unarekebisha mkono. Huo ndo ubora mkubwa wa jiwe la kiwandani kwa anayejifunza, na ndo maana natetea hivi. Alafu sentimita 4 ni nyembamba, wembe wako una sentimita 7 hivi za makali, itabidi uwe unauvuta kimshazari toka kisigino mpaka ncha katika pasi moja huku ukiulaza bapa, inawezekana na utakuja kuifanya, ila sio siku ya kwanza.

Kama bei yake ni ya urafiki kweli na hutaki kuikosa, lichukue uliweke, ukague kwanza kama gundi haijaachia na hakuna ufa unaovuka uso wa jiwe. Na kwa joto la huko, jiwe lolote usilikaushie juani, lifute ulisimamishe ubavu kivulini, mawe ya kiwandani hasa Naniwa Chosera yakilowekwa muda mrefu au yakikaushwa kwa haraka yanapasuka.

Fundi, sema. Niko Nairobi, mfuko umekauka. Wembe ni mzima, umenolewa tayari, unahitaji tu kuamshwa. Kuna mawe ya hardware ya pande mbili ni bei ya chini, na kuna wale jamaa wa kunoa visu kwa baiskeli. Hiyo haiwezi kunisaidia?

Hapana kwa yote mawili, na usijaribu. Jiwe la hardware la pande mbili limetengenezewa panga na jembe, chembe zake ni kubwa mno, pasi chache tu na makali uliyolipia yamekwenda. Jamaa wa baiskeli anajua kazi yake ya visu, lakini gurudumu linalozunguka linatoa joto, na wembe ni mwembamba kiasi kwamba makali yanaungua kabla hata ya kuuona moshi, chuma kikigeuka rangi ya buluu kimeshapita nyuzijoto kama 290 na ugumu wake umeondoka, hapo haurudi kwa jiwe lolote.

Njia ya mfuko uliokauka ni karatasi laini za kung'arishia, zile ambazo mafundi wa faiba wanasagia ncha za nyaya. Zinapimwa kwa maikroni moja kwa moja, wewe tafuta ya maikroni 1, na kama unaweza na ya 3. Ulizia kwa wanaouza vifaa vya faiba, moja moja ni rahisi kuliko jiwe lolote nililolitaja leo. Chukua kioo kinene kilichonyooka, kilowanishe, laza karatasi juu, bonyeza hewa itoke, itashika yenyewe kwa maji. Alafu unafanya kama kwenye jiwe, bapa, makali mbele, bila kukandamiza kabisa, na hapa uwe mwangalifu zaidi kwasababu ukiinua mgongo kidogo tu wembe unaichana karatasi. Pasi 10 mpaka 15, mkanda, nyoa. Ikianza kuchanika au ukisikia haikamati tena badilisha. Na kabla ya kuilaza kioshe kioo na nyuma ya karatasi kwa maji masafi, chembe moja ya mchanga ikibaki chini inainua karatasi kama kilima na wembe utagonga hapo kila ukipita.